Datsun 240Z: pini ya nyuma haishindwi kwa nyundo

Dhana: pini ya mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma kwa chini) ikigoma kutoka, tafuta nyundo kubwa zaidi.

Hii ndiyo imenichosha. 240Z, gari la michezo la Kijapani, linaletwa likiwa limefunguliwa nusu, nami sina haja ya kuuliza limepitia kwa nani. Natazama ncha ya pini tu. Imefura, uzi umekufa, na sasa hata kutu ikiachia, ncha hiyo haiwezi kupita kwenye tundu lake. Ukimhoji mwenye gari, jibu ni lile lile: "Fundi, hili lilishinda mbio za Safari Rally 1971 na tena 1973, nyundo italifanya nini?" Kushinda lilishinda, mara ya pili Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Ila pini za gari lile hazikuwa zimelala na matope kwa miaka 50.

Nyuma ya 240Z kila gurudumu lina mguu wake: shokapu na springi juu, na chini kitako cha chuma. Pini moja ndefu inapita kwenye bushi ya mbele ya mkono, inaingia kitakoni, inatokea bushi ya nyuma. Nati mbili za nchani zinabana bushi tu. Kinachoishika pini yenyewe ni kabari ndogo ya bolti inayoingia kwa kukatiza na kukaa kwenye mkato uliochongwa kwenye pini. Imefunikwa na tope, hakuna anayeiona, basi watu wanaponda pini ambayo bado imefungwa! Safisha hapo kwa brashi ya waya, legeza nati ya kabari, igonge taratibu mpaka itoke. Ndipo tuzungumze habari ya pini.

Na pini inavutwa, haipigwi. Toa paipu ya breki, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, acha ilale. Kesho yake pasha kitako kwa gesi, lakini moto usipande kwenye bomba la shokapu, ndani mna mafuta. Bushi za mpira zitaungua. Hizo ulikuwa unazibadilisha hata hivyo. Kisha vika ncha ya pini kipande cha bomba nene, unganisha bolti nyingine kwa nati ndefu, weka washa nzito, kaza polepole. Ikikataa kabisa, kata kwa msumeno wa chuma kati ya mkono na kitako, pande zote mbili, upeleke mguu kwenye presi. Pini ni ya kununua. Kitako kikipasuka, unatafuta mguu mzima.

Kabla ya yote hayo, weka alama kwenye ncha inayotazama mbele, ili mkato wa kabari urudi ulipokuwa. Na wakati wa kurudisha paka grisi ya shaba. Nimesema mara ngapi?

Dhana: kaza kila nati gari likiwa bado juu.

Kwa bushi za mpira, hapana. Ukikaza mkono ukiwa unaning'inia, gari likishuka mpira unakaa umejipinda siku zote, na utachanika mapema. Shusha gari, litikise likae, ndipo ukaze. Bushi za poliyurethani ni habari nyingine. Hizo zinadai grisi.

Dhana: springi inaachiwa kwa nati ya juu.

Nati tatu ndogo zinazoushika mguu kwenye bodi fungua, springi itabaki imefungwa salama. Ile moja ya katikati usiiguse kabla ya kubana springi kwa vibanio viwili. Hapo sina mzaha.

Dhana: nyuma ikigonga, shokapu zimekufa.

Mara nyingine ni kweli. Lakini ikigonga "ko!" unapoachia klachi, angalia kwanza raba inayobeba pua ya difu, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Weka jeki chini ya pua, inua kidogo. Ukiona raba inaachana vipande viwili, ugonjwa ni huo, na zile shokapu mpya zirudishe dukani kabla hujapoteza risiti.