Picha za nyuma ya pazia: maana yake na namna ya kuzisoma

Picha ya nyuma ya pazia ni picha iliyopigwa wakati filamu inatengenezwa, na inaonyesha kazi yenyewe badala ya hadithi. Ndani yake utaona taa na stendi zake, nyaya zimetapakaa sakafuni, fundi kashika brashi ya rangi, mwigizaji kavua kinyago anapumzika. Kamera ya filamu ilielekea upande mmoja, na picha hii inatuonyesha upande wa pili.

Wengi wetu huku Kusini mwa Tanzania tulizijua sinema za anga kwenye vibanda umiza, mtafsiri akiongea juu ya sauti ya steringi. Siku hizi picha za utengenezaji wa Star Wars, ule mfululizo wa sinema za anga wa Marekani, zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na vijana wanaorekodi filamu fupi kwa simu pale Shangani na Mikindani huuliza swali zuri: tutajuaje kwamba hii ni ya nyuma ya pazia kweli, na si tangazo?

Jibu linaanzia kwenye sababu ya picha kupigwa. Picha ya tangazo hupigwa ili filamu iuzwe: waigizaji wamepangwa, mwanga umepimwa, kila mtu anajua anatazamwa. Picha iliyokatwa kutoka kwenye filamu ni filamu yenyewe iliyosimamishwa, kwa hiyo haikuongezei chochote ambacho hukukiona. Picha ya nyuma ya pazia kwa asili yake ni chombo cha kazi. Filamu hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Tukio la mwisho linaweza kupigwa wiki ya kwanza. Msimamizi wa mwendelezo anahitaji kujua kama mkono wa shati ulikuwa umekunjwa na kama tope lilikuwa goti la kulia au la kushoto. Zamani walitumia kamera zinazotoa picha papo hapo. Fundi wa modeli, yaani mifano midogo ya vyombo na majengo, naye hupiga picha kila hatua ili kikivunjika kitu aweze kukijenga upya. Mashabiki walikuja kuzipenda picha hizi baadaye sana.

Zipo pia zinazokaa katikati. Mwongozaji anaelekeza kidole mbali, waigizaji wanamtazama kwa makini, na ukweli ni kwamba mpiga picha ndiye aliyewaomba wasimame hivyo. Hiyo nayo huitwa ya nyuma ya pazia, lakini ninaipa uzito mdogo. Mimi hutafuta mikono. Kama kuna mkono unaofanya kitu, picha ina cha kunifundisha.

Na hapo ndipo Star Wars inapozidi filamu nyingi. Filamu ya kwanza ilitoka Mei 1977, ikiongozwa na George Lucas, na karibu kila kitu ndani yake kilitengenezwa kwa mkono. Chombo kile kikubwa cha anga cha pembetatu kinachopita juu ya vichwa vyetu mwanzoni, kikapita na kupita kana kwamba hakina mwisho, kilikuwa modeli ya urefu wa sentimita 91 hivi. Picha za karakana zinaonyesha mafundi wakikibandika vipande vidogo vilivyotolewa kwenye vifurushi vya plastiki vya kuunganisha, vile vya vifaru na ndege za kivita. Jicho la mtazamaji likikutana na mamia ya vipande visivyoeleweka, linaamini kwamba kitu ni kikubwa. Kisha kuna jambo ambalo filamu haiwezi kukuonyesha hata uitazame mara ngapi: chombo kilisimama tu, iliyotembea ni kamera. John Dykstra, msimamizi wa picha za ujanja, na wenzake waliunda mtambo uliokumbuka mwendo wa kamera na kuurudia uleule kila walipotaka, ili nyota, chombo na miali ya risasi vipigwe kila kimoja peke yake, halafu viunganishwe vikae sawa.

Yule mzee mdogo wa kijani, Yoda, aliyeonekana mara ya kwanza 1980, ni kikaragosi. Uso wake ulichongwa na Stuart Freeborn, ambaye alichukua mikunjo mingine kutoka kwenye uso wake mwenyewe na mingine kwa Albert Einstein. Kinamasi anachoishi kilijengwa ndani ya studio za Elstree, Uingereza, na sakafu yake iliinuliwa ili Frank Oz na wasaidizi wake wakae chini wakimwendesha. Ukiwaona wamejibana kule chini, mikono juu, utaelewa kwa nini Yoda anaonekana kuwa hai. Hao ni watu kadhaa waliokubaliana kupumua pamoja. Kwa mkoa wenye wachongaji wa Kimakonde, ambao wanajua uso unavyotoka kwenye gogo la mpingo, picha hizi hazihitaji maelezo mengi.

Napenda kuwatajia watu wa Lindi na Mtwara mfano wa chumvi, kwa sababu mashamba ya chumvi tunayo mlangoni. Katika filamu ya Star Wars ya 1999 kuna mji mzuri wenye maporomoko ya maji. Mji ule ulikuwa modeli, na maji yalikuwa chumvi iliyomiminwa. Sababu yake ni ya kifundi. Tone la maji haliwezi kupunguzwa ukubwa. Ukimwaga maji halisi kwenye mji mdogo, matone yanaonekana makubwa kuliko madirisha na uongo unajulikana mara moja. Punje za chumvi zikianguka mbele ya kamera zinafanana na maji yanayotazamwa kwa mbali. Filamu hiyohiyo ina uwanja wa mashindano uliofurika watazamaji, na umati ule kwa sehemu kubwa ni vijiti vya pamba vya kusafishia masikio, 450,000 hivi, vilivyopakwa rangi na kutikiswa kwa upepo.

Habari ndogondogo za namna hii ndizo tunazoziita dondoo. Dondoo na picha hutembea pamoja, lakini si kitu kimoja. Picha ni ushahidi wa kilichokuwa mbele ya lenzi. Dondoo ni maelezo, na maelezo yanaweza kuongezwa chumvi njiani. Upo upande wa pili pia: yapo mambo ya kweli ambayo picha haiwezi kuyaonyesha. Katika filamu ya Star Wars ya 1980, Darth Vader, yule adui mwenye kinyago cheusi, anamwambia kijana shujaa Luke kwamba yeye ndiye baba yake. Siku ya kurekodi, David Prowse aliyevaa vazi lile alitamka maneno mengine kabisa, kwamba Obi-Wan, mwalimu wa Luke, ndiye aliyemuua baba yake Luke. Siri ilijulikana na watu wachache, na sauti ya mwigizaji James Earl Jones iliwekwa baadaye. Ungekuwa na picha safi ya dakika ile, ungemwona mtu ndani ya kinyago akinyoosha mkono, na usingejua neno hata moja lililotamkwa. Vivyo hivyo mlio wa bunduki za mwanga: fundi wa sauti Ben Burtt aliupata kwa kugonga waya unaoshikilia mnara. Hilo ni la kusimuliwa.

Dondoo ninayoipenda kuliko zote inatufikisha Lindi. Katika filamu ya 1977, roboti la dhahabu linatembea jangwani kupita mifupa ya mnyama mkubwa mwenye shingo ndefu. Matukio hayo yalipigwa Tunisia, nchi ambayo mji wake wa Tataouine uliipa ile sayari jina la Tatooine. Mifupa ile ilikuwa ya bandia, ilitengenezwa kwa ajili ya filamu ya kuchekesha ya Disney ya 1975 kuhusu mifupa ya dinosaria aina ya Diplodocus. Ilipomaliza kazi huko, ikapelekwa mchangani kuwa joka la sayari ya mbali.

Sisi tunayo mifupa ya kweli ya jamii hiyo ya wanyama, ile ya kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliichimba na kuipeleka Berlin, ambako mjusi mkubwa wetu amesimamishwa makumbusho tangu 1937, akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Anayeingia ukumbini anaona maajabu yaliyokamilika. Picha za uchimbaji zinaonyesha kitu kingine: wanaume wa Kusini ndani ya mashimo, wakisafisha mifupa, wakiifunga, wakiibeba vichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zinatukumbusha pia Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wafanyakazi wale, ambaye wageni wengi mbele ya mifupa ile hawamjui. Nikimweleza kijana maana ya picha ya nyuma ya pazia, naanza na picha za Tendaguru kabla ya Star Wars. Akizielewa hizo, Freeborn na Dykstra atawaelewa bila shida.

Tahadhari moja kwa sasa: picha zinazotungwa na akili bandia zimeingia humu. Tazama maandishi kwenye ubao wa kugongea tukio, kama yanasomeka. Fuata waya wa taa uone unaishia wapi. Hesabu vidole. Kisha uliza mpiga picha ni nani na ilipigwa studio gani au jangwa gani. Picha ya kweli ya kazi kwa kawaida ina mahali na mwaka.

Kwa wanaorekodi huku kwetu, iwe kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani au mchanga wa Msimbati, mpeni mtu mmoja kazi ya kupiga picha hizi tangu siku ya kwanza. Apige mavazi kabla na baada ya kila tukio, apige vifaa vikiwa vinatengenezwa, hata vilivyoharibika. Chini ya kila picha iandikwe tarehe, mahali, kifaa kimetokana na nini, na majina kamili: aliyeshona kanzu ya mzimu, aliyeshika taa, aliyekoroga rangi ya damu. Waombeni ruhusa waliomo kabla ya kuzisambaza. Zile zinazofichua mwisho wa hadithi zikae kwenye simu ya mwongozaji mpaka filamu itoke.