Kibodi haina kosa: kumsaka aliyeivuta laini ya IRQ 16

Ukiona kibodi na mausi vinachechemea kwenye kompyuta ya Linux, herufi zinatoka kwa mafungu na kishale kinarukaruka, usikimbilie dukani. Fungua terminali uandike `dmesg -T | less`, kisha tafuta maneno "nobody cared". Mashine niliyoletewa hapa Langoni, Lamu, kutoka ofisi ya tiketi za boti ilikuwa na haya, nikiacha mistari ya katikati:

`irq 16: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)`
`handlers: usb_hcd_irq, serial8250_interrupt`
`Disabling IRQ #16`

Mwenye mashine alikuwa ameshaamua. "Mwanangu, nitafutie kibodi nyingine, hii nayo imekufa." Nikamwambia, "Ami, kibodi zako zote ni nzima, usizitupe." Hakunielewa, na simlaumu, kwa sababu akizima na kuwasha mashine kila kitu hurudi sawa kwa saa kadhaa. Ndiyo maana nawasihi wateja: ikianza kuchechemea, nileteeni bila kuizima. Kama imeshazimwa, `journalctl -k -b -1` hutoa maneno ya kerneli, yaani moyo wa Linux, ya mara iliyopita, mradi kumbukumbu zinahifadhiwa kwenye diski.

Tuanze na katizo lenyewe, yaani interrupt; IRQ ni laini inayolileta. Kifaa kikitaka kuhudumiwa, humkatiza prosesa: kadi ya mtandao imepokea data, diski imemaliza kusoma, kitufe kimebonyezwa. Prosesa huacha ilichokuwa ikifanya na kuita draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa hicho. IBM PC/AT ya mwaka 1984 ilikuwa na chipu mbili za 8259 za kupokea makatizo, na laini 15 tu za kutumia. Vifaa viliongezeka, laini hazikutosha, na basi ya PCI, njia ya kuunganishia kadi, ikaja na utaratibu wa kushirikiana: vifaa kadhaa, laini moja.

Hapo ndipo penye kisa. Fikiria nyumba ya mawe ya Mkomani wanamokaa jamaa wengi, mlango mmoja. Mtu akipiga hodi kwenye daka, kila mmoja huchungulia: mgeni wangu? Si wangu. Kerneli hufanya hivyo hivyo. Laini 16 ikivutwa, huita draiva zote zilizojiandikisha kwenye laini hiyo, moja baada ya nyingine, na kila moja hujibu "changu" au "si changu". Wote wakisema si chao na hodi haikomi, prosesa haitafanya kazi nyingine. Kwa hiyo kerneli huhesabu. Kati ya makatizo 100,000 ya laini moja, zaidi ya 99,900 yakikosa mwenyewe, laini nzima hufungwa.

Laini nzima, si kifaa kimoja. Aliyeleta fujo na asiye na hatia hufungiwa pamoja. Baada ya hapo kerneli hupita mara 10 kwa sekunde kuwauliza waliofungiwa kama wana kazi. Mausi ya kawaida ya USB huzoea kuulizwa mara mia na zaidi kwa sekunde. Sasa unaona kwa nini kishale kinaruka badala ya kuteleza.

Kwa hiyo orodha ya `handlers` isomwe kwa uangalifu. Ni orodha ya waliosema "si changu", nao huenda wamesema kweli. Hapa walikuwa wawili: kidhibiti cha USB, ambacho kibodi inakitegemea, na kadi ya siriali, ile ya PCI ya zamani, inayoendesha printa ya risiti. Niliangalia mti wa vifaa kwa `lspci -tv`. Kadi ya siriali haikukaa moja kwa moja kwenye basi ya PCIe, ilikuwa nyuma ya daraja, yaani chipu ndogo kwenye mazabodi inayounganisha sloti ya PCI ya zamani na PCIe ya kisasa.

PCIe haina waya wa katizo. Ule waya wa zamani huigizwa kwa ujumbe wa aina mbili: mmoja husema laini imevutwa, mwingine husema imeachiwa. Daraja likituma wa kwanza kisha likameza wa pili, kerneli itaamini laini bado imevutwa. Itamuuliza wa siriali, atasema ameshamaliza. Itamuuliza wa USB, atasema hana habari. Wote wakweli, na hodi inaendelea. Tatizo hili la madaraja ya aina hiyo linajulikana, wala halitegemei draiva.

Lamu kila kitu husingiziwa chumvi ya baharini. Mimi mwenyewe nasafisha kadi zenye ukungu wa kijani kila msimu wa kusi. Lakini chumvi haichagui kuharibu mambo baada ya saa kadhaa za kuchapisha risiti na kutengemaa ukizima na kuwasha. Nilichomoa kadi, mashine ikarudi ofisini, risiti zikawa zinaandikwa kwa mkono huku wateja wakinung'unika. IRQ 16 haikufungwa tena. Printa sasa iko kwenye kebo ya kugeuza USB kuwa siriali, na kadi iko kwenye droo yangu. Kuihamishia sloti nyingine pia hubadilisha laini mara nyingi, ila mazabodi ile ilikuwa na sloti moja tu ya PCI.

Na vile vigezo vya kuwashia ambavyo watu hubandika vyote kwa mkupuo? `noapic` huzima APIC, chipu mpya zaidi yenye laini nyingi, na hukurudisha kwenye zile laini 15 za 8259, kwa hiyo msongamano huongezeka. `pci=nomsi` ni vivyo hivyo. MSI ni njia ya kifaa kutuma katizo lake kwa kuandika ujumbe kwenye memori, bila kushirikiana laini na mtu. Ukiizima, unawarudisha waliokwisha kuhama kwenye mlango ule ule mmoja. Inafaa tu pale MSI yenyewe inapokuwa mbovu. `acpi=off` huzima ACPI, mfumo wa kusimamia umeme na vifaa vya mashine, na mara nyingi hukuachia kiini kimoja cha prosesa. `irqpoll`, ambayo kerneli yenyewe inaipendekeza, ni mkongojo: katizo likikosa mwenyewe, na pia kila katizo la saa ya mfumo, draiva za laini nyingine nazo huulizwa. Mashine itatembea, kwa uzito. Naitumia kusubiri kipuri kutoka Mombasa, si zaidi.

Wakati mwingine hakuna ujumbe wowote, mashine ni nzito tu. Andika `watch -n1 -d cat /proc/interrupts` utazame tarakimu zinazobadilika. Jumla kubwa haina maana peke yake, maana mashine iliyowashwa wiki nzima lazima iwe na mamilioni. Kasi ndiyo ushahidi. Wa FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, watumie `vmstat -i`, na kwenye `dmesg` watafute "interrupt storm detected". FreeBSD ikishaitambua dhoruba hiyo hupunguza kasi ya laini badala ya kuifunga.

Kwenye laptopu, anayekimbia ovyo mara nyingi ni laini 9, ya ACPI, na kwenye `top` utaona `kworker`, mfanyakazi wa kerneli, imekalia kiini kizima. Hapo andika `grep . /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe*`, subiri kidogo, uandike tena. Kila gpe ni chanzo kimoja cha matukio ya ACPI. Moja itakuwa imepanda kwa maelfu, tuseme `gpe13`. Ukiwa na mamlaka ya root, `echo disable > /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe13` huinyamazisha papo hapo. Kabla ya kuiacha hivyo, funga na ufungue kifuniko, chomeka chaja, jaribu vitufe vya mwanga, kwa sababu huenda gpe hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta habari za kimojawapo. Kama vyote vinaitika, ongeza `acpi_mask_gpe=0x13` kwenye mstari wa kuwashia kerneli, kwani ile amri ya `echo` hupotea mashine ikizimwa.