Fayawoli si ukuta unaowaka

Juzi tena fundi simu kaniambia, "Mzee, nimekuwekea fayawoli, virusi havikupati ng'o." Nikanyamaza, maana simu ilikuwa bado mkononi mwake.

Fayawoli ni programu inayokaa mlangoni pa mtandao na kuamua kipi kipite, kipi kizuiwe. Basi. Kupekua mafaili kutafuta virusi ni kazi ya antivirasi.

Kinachonikera ni jinsi jina linavyoeleweka. Tumelitafsiri "ukuta wa moto", wachoraji nao wakatuchorea matofali yanayowaka. Tafsiri yenyewe siigombi: dawa ya mbu haitengenezwi kwa mbu, wala koti la mvua halishonwi kwa mvua. Ni ukuta wa kuzuia moto. Neno limetoka kwa wajenzi wa nyumba zilizoshikana: katikati huwekwa ukuta usioshika moto, ili moja ikiungua nyingine ipone. Hata gari linao, lile bati kati ya injini na miguu ya dereva. Sasa, ukuta wa nyumba hauulizi moto umeanzia wapi. Wa jirani usije kwako, na wako usiende kwa jirani. Hiyo nusu ya pili ndiyo tunayoisahau, na kwenye simu ndiyo yenye uzito, kwa sababu anayechukua siri zako mara nyingi yumo ndani tayari, umemsakinisha mwenyewe. Programu ya tochi inataka intaneti ya nini?

Hapo mtu hunijibu kwamba ameshazima ruhusa zote. Kamera, maikrofoni, mahali alipo, sawa. Lakini Android ya kawaida haikuulizi kuhusu intaneti. Programu hupewa ruhusa hiyo kimyakimya inaposakinishwa. Ndiyo maana wengine huweka NetGuard, fayawoli ya simu za Android, na kuifungia tochi njia. Wakilipia, huona pia kila programu inajaribu kuongea na seva gani, yaani kompyuta gani ya mbali. Ikiwashwa, juu ya skrini hutokea alama ya ufunguo, na watu husema, "Huyu anatumia VPN," yaani ile njia ya kupitisha data kwenye seva ya mbali ili anwani yako ya mtandao isionekane. Mlango wa VPN imeuazima kweli, ila yote yanaishia ndani ya simu: data haipitishwi kwenye seva ya mtu mwingine, na anwani yako ya mtandao haijafichwa hata kidogo.

Kwa hiyo, fundi wangu, siku nyingine niambie tu, "Mzee, tochi nimeizuia isitoke." Nitakuelewa, na hela yako nitakupa.