Je, wajua kwa nini mshamani hupiga ngoma?

Ukimuuliza mtu wa Tanga au Unguja kwa nini mgonjwa hupandisha pepo ngomani, huenda akakujibu kwamba ngoma ndiyo inayompandisha. Ukifungua kurasa za intaneti zinazofundisha ushamani huko Ulaya na Marekani, utakuta jibu lile lile limevikwa joho la sayansi: mdundo wa mara nne kwa sekunde huulazimisha ubongo kushuka kwenye mawimbi ya polepole, na mawimbi yakishuka, mtu huondoka. Majibu yote mawili yanaipa ngoma nguvu ya kufanya kazi peke yake, juu ya mtu yeyote aliye karibu. Sivyo ilivyo, na ilivyo hasa kunapendeza zaidi.

Huko Siberia, Mongolia na kaskazini ya mbali ya Ulaya, mshamani ni mtu ambaye jamii yake inaamini kwamba husafiri kwa roho hadi ulimwengu wa juu au wa chini, akazungumza na mizimu, kisha akarudi na dawa, na habari za wawindwao, au na roho ya mgonjwa iliyopotea. Ngoma yake ni bapa, duara la mti lililowambwa ngozi upande mmoja. Huishika kwa mkono mmoja na kuipiga kwa kirungu alichokishika kwa mkono wa pili.

Jibu la mawimbi lina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Andrew Neher aliwabandika watu vipimo vya umeme kichwani, akawapigia ngoma kwa kasi mbalimbali, akaona mawimbi ya ubongo yanaitikia mdundo. Akapendekeza kwamba huenda hapo ndipo ilipo siri ya ngoma za matambiko duniani. Baadaye Michael Harner, mwanaanthropolojia aliyeishi na Washuar wa Ekuado na Wakonibo wa Peru, aliwafundisha Wamarekani wa mijini kufunga macho na kusafiri kwa mdundo wa haraka usiobadilika. Rekodi za ngoma zikaanza kuuzwa, na pendekezo la Neher likageuka kuwa jambo linalosemwa kama limekwisha thibitishwa.

Halijathibitishwa. Alichopima Neher ni mwitikio wa ubongo kwa sauti, na mwitikio huo si kupandisha. Isitoshe, mtu anayesikiliza ngoma hupepesa macho na kutikisa kichwa kidogo, na mitikisiko hiyo huacha alama kwenye kipimo zinazofanana sana na mawimbi ya polepole yanayotafutwa. Pingamizi kali zaidi lilitoka kwa Mfaransa Gilbert Rouget, mtaalamu wa muziki aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Afrika Magharibi. Mwaka 1980 aliandika kwamba kama Neher angekuwa sahihi, nusu ya Afrika ingekuwa imepandisha tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho wake. Anayejua harusi, unyago na jando za kwetu anaelewa mara moja. Ngoma hulia usiku kucha, watu mamia wanacheza, na alfajiri kila mmoja anarudi kwake na akili zake.

Pwani yetu inatoa ushahidi mwingine, tena mzuri. Katika kupunga pepo, kila kabila la pepo lina nyimbo zake, nguo zake na uvumba wake. Pepo wa kibuki, wanaoaminiwa kuwa wametoka Bukini, yaani Madagaska, hawaitwi kwa nyimbo za pepo wa kihabeshi. Fundi hujaribu wimbo huu, akaacha, akajaribu ule, mpaka mwele atikisike, na hapo ndipo ajulikane aliyemkalia ni nani. Lau kama kasi ya mdundo ndiyo yenye kazi, wimbo wowote wenye kasi hiyo ungefaa. Mwele anaitikia anachokitambua.

Rouget aliona pia tofauti inayopitwa kwa urahisi. Kwa waganga wa pepo, wengine ndio wanaopiga na kuimba, na mwele ameketi akipokea. Mgeni humjia yeye, ndiyo maana aliyepandwa huitwa kiti. Mshamani wa Siberia hupiga mwenyewe, huimba mwenyewe, na husafiri mwenyewe. Wayakuti na Waburiati, makabila ya huko, waliiita ngoma farasi wa mshamani, na kirungu kikawa mjeledi wake. Hapigiwi ngoma ili ashikwe. Yeye ndiye aliyeshika hatamu.

Basi mdundo unasaidia nini? Hapa ubongo una la kusema. Mwaka 2016 Michael Hove na wenzake walichapisha utafiti wa watu 15 wenye uzoefu wa safari za kishamani, waliolazwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukifanya kazi, wakisikilizishwa ngoma. Awamu nyingine walitakiwa wazame katika safari, awamu nyingine wabaki macho. Ngoma ililia katika awamu zote mbili, nao waliweza kufuata agizo. Walipozama, sehemu za ubongo zinazoshughulika na fikra za ndani zilishirikiana zaidi na zile zinazosimamia umakini, huku njia ya sauti ikijitenga na shughuli hiyo.

Njia ya sauti kujitenga wakati ngoma inalia masikioni! Mfikirie mtu aliyepanga chumba karibu na mashine ya kusaga. Juma la kwanza mlio unamkera, hawezi hata kusikiliza redio. Baada ya muda anazungumza, anasali, analala mchana, na ukimuuliza kama mashine inasaga leo itabidi anyamaze kwanza asikilize. Masikio yake hayajaziba. Mlio ni ule ule kila nukta, ubongo umeshajua utakaofuata, hivyo hauna haja ya kuukagua. Ushahidi ni kwamba mkanda ukiteleza au injini ikikohoa, anainua kichwa papo hapo, wakati mgeni aliyeketi naye hajagundua chochote. Na kuna faida nyingine: maadamu mashine inasaga, kelele ndogo za uani, mlango, kuku, mtoto wa jirani, zote zinafunikwa. Mtu huyo akitaka kuwaza jambo zito, mlio unamwekea ukuta. Haumwambii awaze nini. Anaweza kukaa pale mwaka mzima akawaza kodi ya nyumba tu.

Ngoma ya mshamani hufanya kazi kwa njia inayokaribia hiyo. Mdundo usiobadilika huacha kuwa habari, umakini ukapata nafasi ya kuelekea ndani, na kule ndani unakuta kile ambacho mtu amefundishwa, anachokiamini na anachokihitaji. Lakini nisivute mbali. Watu 15 ni wachache, walikuwa wamelala kimya, na ngoma ilikuwa ya kurekodiwa. Mshamani wa Siberia husimama, huruka, huimba, amevaa joho lililojaa vyuma, naye hubadili mapigo kadiri safari inavyokwenda. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wapima ubongo nao huvutia kwao.

Wenye ngoma wenyewe wakiulizwa hawaanzi na kasi ya mdundo. Wanaanza na asili ya ngoma. Miongoni mwa Waaltai wa kusini mwa Siberia, ngoma mpya haikuweza kutumika kabla ya tambiko la kuihuisha. Duara la mti lilinyunyiziwa pombe, na mti ukaanza kusema kwa kinywa cha mshamani: ulivyoota msituni, ulivyokatwa, ulivyoletwa kijijini. Kisha ikanyunyiziwa ngozi. Mnyama akasimulia mahali alipozaliwa, wazazi wake, utoto wake, maisha yake yote hadi siku ya mwindaji, akamaliza kwa kuahidi kumtumikia mshamani. Juu ya ngozi hiyo palichorwa mbingu na jua na mwezi, na chini yake mambo ya dunia.

Mimi naona hapo ndipo penye moyo wa jambo. Chombo hicho kimeshika msitu, mnyama na anga mahali pamoja, na mwanadamu ameingizwa katika undugu huo kwa ahadi iliyosikiwa na kijiji kizima. Moto nao una zamu yake. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa, ikalegea, sauti ikafifia, kwa hiyo kabla ya kuanza huanikwa karibu na moto ikaze na kurudisha ukali wake. Wapiga ngoma wa pwani wanafanya hivyo hivyo kwa moto wa makuti. Maji yaliyomo hewani hulegeza na moto hukaza, na mpigaji wa Altai au wa Pangani lazima awasikilize wote wawili.

Wasami wa kaskazini mwa Skandinavia walizichora ngoma zao pia. Mwaka 1692 mzee wa Kisami, Anders Poulsen, alishtakiwa kwa uchawi huko Vadsø, Norwei, na mbele ya mahakama akaeleza michoro ya ngoma yake moja baada ya nyingine, ukiwemo wa radi na wa tufani. Aliuawa na mfungwa mwenzake kabla hukumu haijatolewa. Ngoma ilipelekwa Copenhagen, ikakaa huko karne kadhaa, ikaazimwa kwa makumbusho ya Wasami ya Karasjok tangu 1979, na mwaka 2022 Denmark ikairudisha rasmi kwa Wasami. Zilizosalia duniani ni takriban 70, kwa kuwa wamisionari na maofisa walizikusanya na kuzichoma nyingi.

Kukusanya ngoma kunaleta jaribio ambalo maabara isingeweza kulifanya. Umoja wa Kisovieti, hasa kuanzia miaka ya 1930, ulizinyang'anya ngoma za washamani wa Siberia, na wengi wao wakafungwa. Lau ngoma ingekuwa ndiyo yenye uwezo wote, kazi ingekoma siku hiyo. Haikukoma. Walio­baki waliendelea kwa siri, wengine kwa kirungu kitupu, wengine kwa kioo cha shaba au kwa khomus, chuma kidogo kinachopigwa kikiwa kinywani na ambacho jirani hawezi kukisikia kwa mbali. Ushirika wa washamani ulipoanzishwa waziwazi mjini Kyzyl, Tuva, kusini mwa Siberia, katika miaka ya 1990, wenyewe waliuita Dungur, na kwa lugha yao dungur ni ngoma.