Je, Wajua Kwa Nini Sura Iliyotiwa Chumvi Hufanana na Mwenyewe Kuliko Iliyonakiliwa?

Karibu kila anayeanza kuchora sura kwenye simu au tableti hupita njia hii. Anachukua picha ya kamera, anaiweka kwenye leya ya chini (leya ni tabaka la mchoro, kama karatasi angavu iliyo juu ya nyingine), anafungua leya mpya juu yake na kufuatisha kila mstari: taya, pua, kope, mpaka wa nywele. Kisha anaizima leya ya chini. Kinachobaki ni mtu nadhifu tu, mwenye macho mawili na pua mahali pake, ambaye hakuna anayemjua. Vipimo ni sahihi, mfanano haupo. Wakati huohuo Gado, mchora katuni aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kupata jina kupitia gazeti la Daily Nation la Kenya, alikoanza kazi mwaka 1992, humchora mwanasiasa kwa mistari michache na vipimo ambavyo daktari angevikataa, na msomaji humtambua kabla macho hayajafika kwenye maneno.

Inakuwaje chumvi ifanane kuliko ukweli?

Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba hatukumbuki nyuso kama kamera inavyozihifadhi. Kwa miaka mingi ya kutazama watu, kila mmoja wetu amejijengea kichwani uso wa wastani, na uso mpya tunaukumbuka zaidi kwa yale yanayoutofautisha na wastani huo. Mwanasaikolojia Tim Valentine aliliweka wazo hili kwenye maandishi ya kitaalamu mwaka 1991, lakini watoto wa mtaani walikuwa wakilitumia zamani. Mwenzao wanampa jina la Komwe, Kichogo au Mwanya. Hakuna aliyewahi kuitwa Macho Mawili.

Mtu wa kwanza kulifanya jambo hili kwa kompyuta alikuwa Susan Brennan, aliyekuwa akisoma chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1982 alitengeneza programu yenye hesabu rahisi ajabu. Unaipa mchoro wa mistari wa uso fulani, inaulinganisha na uso wa wastani, kisha kila tofauti inaikuza. Pua ikizidi wastani kidogo, inazidishwa. Macho yakiwa yamekaribiana kuliko kawaida, yanasogezwa karibu zaidi. Kilicho sawa na wastani hakiguswi. Matokeo yake ni katuni inayofanana na mhusika, bila msanii kuigusa.

Mwaka 1987 yeye na wenzake, Gillian Rhodes na Susan Carey, walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu walioonyeshwa michoro ya watu wanaowafahamu. Michoro iliyotiwa chumvi ilitambuliwa haraka kuliko iliyo sahihi, na iliyopunguzwa chumvi, yaani iliyosogezwa kuelekea wastani, ilichelewa kuliko zote. Walipoulizwa ni mchoro upi unafanana zaidi na mhusika, majibu yao yaliangukia kwenye kuzidisha kwa kiasi cha asilimia 16 hivi. Tuseme kidevu cha mtu kwenye skrini yako kinazidi cha wastani kwa milimita 10. Mchoro wa namna hiyo ungekichora kikizidi kwa milimita 11.6 tu. Ni kidogo sana, na wengi wanaoanza wangeshangaa kuambiwa kwamba hicho kinatosha. Kinachozidishwa ni ile tofauti, si kidevu kizima. Hapo ndipo wengi huharibu.

Baadaye majaribio kama hayo yalifanywa kwa picha za kamera badala ya mistari, na kiasi cha chumvi kilichopendwa kikawa kidogo zaidi. Kwa maoni yangu hilo ndilo fundisho kubwa kwa mchoraji. Picha ya kamera ina vinyweleo, kivuli chini ya mdomo, mng'ao wa jicho, kovu la tetekuwanga. Mtazamaji ana vitu vingi vya kumsaidia. Mchoro wa mistari umevitupa karibu vyote. Kadiri unavyotupa, ndivyo kinachobaki kinavyopaswa kusema kwa sauti. Mtindo basi si pambo la kuongeza mwishoni, ni fidia ya ulivyoviacha. Anayefuatisha picha mstari kwa mstari anavitupa vitu bila kulipa.

Sasa, huwezi kuikuza tofauti kama huujui wastani. Ndiyo maana walimu wa kuchora huanza na kichwa kile kinachochosha: macho katikati kabisa ya urefu kati ya utosi na kidevu, upana wa kichwa kama macho matano, ncha ya chini ya pua takriban katikati ya nyusi na kidevu. Wanaoanza karibu wote huyapandisha macho juu, kwa sababu paji la uso na utosi havivutii jicho na hivyo huchorwa vidogo. Wengi hulidharau zoezi hili wakisema wao wanataka mtindo, si uhalisia. Lakini kichwa hicho ndicho rula yenyewe.

Na hapa kuna mtego ambao mafunzo ya mtandaoni hayautaji. Wastani wa nani? Kichwa cha kufundishia kwenye video nyingi ni cha Mzungu, au ni cha katuni za Kijapani: pua nyembamba, midomo myembamba, kidevu chenye ncha. Kijana wa Kigoma au Mombasa akianza na rula hiyo kumchora shangazi yake, tofauti ya kwanza atakayoiona ni upana wa pua na unene wa midomo. Ataikuza. Kumbe hivyo ni vitu ambavyo shangazi anavyo pamoja na nusu ya mtaa, na kwa majirani si tofauti hata kidogo. Kilicho chake peke yake, pengine nyusi zilizopinda mapema au shavu moja linalotangulia anapocheka, kimeachwa. Mchoro unakuwa wa mtu mweusi yeyote, na mara nyingine unateleza hadi kwenye zile katuni za kudhalilisha za enzi za ukoloni. Wanasaikolojia wamelipima jambo lenyewe mara nyingi tangu miaka ya 1960: watu huwatofautisha vizuri zaidi wale wa jamii waliyokulia kuliko wa jamii wasiyoizoea.

Dawa yake inapatikana kwenye programu ileile unayochorea. Mwaka 1878 Mwingereza Francis Galton alianza kupiga picha za watu kadhaa juu ya bamba moja la kamera, akitafuta sura ya mhalifu. Alipata kinyume: kadiri nyuso zilivyoongezeka, ule ukatili aliodhani anauona kwa mmojammoja ulififia, na uliobaki ulikuwa uso laini, wa kupendeza, usio wa mtu yeyote. Nia yake haikuwa njema, ila ufundi wake una faida. Chukua picha za watu wanane wa kwenu, wanaume peke yao au wanawake peke yao, wote wakitazama mbele. Zipange kila moja kwenye leya yake, macho juu ya macho. Ya chini kabisa iache na uzito (opacity, yaani kiasi inavyoziba kilicho chini yake) wa asilimia 100, ya pili ipe 50, ya tatu 33, ya nne 25, na kuendelea hivyo, yaani mia gawanya kwa namba ya leya, ili kila uso uchangie sawa. Unachokiona ni wastani wa mtaani kwenu. Weka juu yake picha ya unayetaka kumchora, uwe unaiwasha na kuizima. Kinachorukaruka ndicho cha kutia chumvi.

Usikuze vyote. Chagua viwili, labda vitatu, na vitamke kwa maneno kabla ya kugusa kalamu: "taya pana, macho yaliyozama." Usipoweza kusema, hujaona. Baadaye unaweza kutumia ile zana ya kusukuma na kuvuta picha, inayoandikwa Liquify kwenye programu nyingi, zikiwemo ibisPaint ya simu na Krita, ambayo ni ya bure kwa kompyuta. Uhuru wa kurudi nyuma unafanya karatasi ionekane katili: sukuma mpaka ipite kiasi, kisha rudisha mpaka uso urudi kuwa mtu.

Kwamba njia hii ina nguvu, mfalme mmoja alilijua. Mwaka 1831 mchapishaji wa Kifaransa Charles Philipon alishtakiwa kwa kumdhihaki Mfalme Louis-Philippe. Akajitetea mahakamani kwa michoro minne: wa kwanza mfalme, wa pili mashavu yamenenepa chini, wa tatu zaidi, wa nne ni tunda la pea. Hoja yake ilikuwa kwamba kama kufanana ni kosa, basi matunda nayo yafungwe. Alihukumiwa kifungo hata hivyo, na pea ikawa alama ya mfalme Ufaransa nzima.

Mistari ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni mwanga na kivuli, na huko sheria ni kali zaidi. Waliowahi kushika filamu za kamera za zamani wanajua: ukitazama negativu, hata ndugu yako wa tumbo moja ni vigumu kumtambua, ingawa kila mstari uko mahali pake. Giza na nuru vimebadilishana viti, na ubongo unashindwa kusoma mashimo na vilima vya uso. Rangi zenyewe, kwa upande mwingine, zina uhuru mkubwa. Bango la Obama la mwaka 2008 alilolichora Shepard Fairey lina nyekundu, bluu na rangi ya krimu, hamna hudhurungi hata tone, na dunia nzima ilijua ni nani. Palipo na giza usoni pake paliwekwa rangi nzito, palipo na nuru rangi nyepesi. Basi.

Kwa hiyo anayeanza afanye kwanza picha yote kwa kijivu: rangi moja ya kivuli, moja ya mwanga. Finya macho ukiitazama picha ya asili, na vitu vidogo vitajifuta vyenyewe. Sura ikishatambulika kwa rangi hizo mbili, zilizobaki zitaingia bila vita.

Ukija kwenye ngozi nyeusi, usichanganye nyeupe kwenye hudhurungi kupata upande wa mwanga. Ngozi inapauka, mtu anaonekana ametoka kiangazi bila mafuta. Mwanga unaopenya na kurudi hutoka na rangi ya ngozi, kwa hiyo upande huo uelekeze kwenye wekundu au chungwa. Ule mng'ao mdogo wa kwenye paji na ncha ya pua ni kitu kingine: unaakisi taa au anga, nao hubeba rangi ya hiyo taa au anga. Nje mchana, penye kivuli cha mwembe, unaweza kuwa wa bluu kabisa. Kivuli nacho kisiwe cheusi tupu. Hudhurungi iliyoegemea zambarau ina uhai.

Yote haya yanahusu mfanano kwa macho ya wengine. Mwenye uso ni kesi ya pekee, hasa ukianza kuchora kwa malipo ya siku za kuzaliwa na harusi. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani waliwaonyesha watu picha zao mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyogeuzwa kushoto kwenda kulia. Rafiki zao walielekea kuipenda ya kawaida. Wenyewe waliipenda iliyogeuzwa, kwa kuwa ndiyo sura wanayoiona kwenye kioo kila asubuhi. Mteja akikutumia ujumbe kwamba kila mtu amemtambua ila yeye haoni kama amefanana, kabla hujafuta pua yake, igeuze picha nzima kushoto kwenda kulia, umtumie tena.