Viendelezi vya ukurasa wa akaunti ya mteja: dhana potofu na ukweli

Wasanidi wengi huamini kwamba anayejua kutengeneza mandhari (muundo na mwonekano) ya duka la Shopify, jukwaa la kuendesha maduka ya mtandaoni, anaweza pia kuupachika ukurasa wa akaunti ya mteja HTML na JavaScript yake mwenyewe. Hilo liliwezekana katika akaunti za zamani, zilizokuwa sehemu ya mandhari. Katika akaunti za sasa, ambamo mteja huingia kwa msimbo wa tarakimu 6 unaotumwa kwenye barua pepe yake, kiendelezi, yaani kipande cha programu ya msanidi kinachoongeza kitu kwenye ukurasa huo, huendeshwa mahali palipotengwa ndani ya kivinjari na hakiugusi ukurasa wenyewe. Hueleza tu kinachopaswa kuonekana, na Shopify hukichora kwa vipengele vyake. Wapo wanaokiita kizuizi hicho kero. Mimi nakiona kuwa ulinzi unaostahili, kwa sababu ukurasa huo umebeba anwani na historia ya manunuzi ya watu wasiomjua msanidi hata kidogo.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi ni kwamba seva ya msanidi inaweza kuiamini namba ya utambulisho wa mteja iliyotumwa na kiendelezi. Ombi lolote linaloifikia seva linaweza kughushiwa, na asiyelihakiki huenda akampa mtu oda za mwingine kwa namba moja tu iliyobadilishwa. Kiendelezi kinapaswa kuomba tokeni ya kikao iliyotiwa saini, yaani kithibitisho cha kidijitali cha muda mfupi kutoka Shopify, kisha seva ihakiki saini hiyo na muda wa tokeni kabla ya kusoma humo mteja ni nani. Kuchuja maombi kwa kuangalia tovuti yalikotoka hakusaidii, maana kiendelezi hakina anwani yake maalumu na seva hulazimika kupokea maombi kutoka kokote.

Si kweli pia kwamba kusakinisha programu kunatosha ili kiendelezi chake kifanye kazi. Jina na barua pepe ya mteja ni data inayolindwa, inayoombewa idhini, na kuwasiliana na seva ya nje nako kunahitaji ruhusa. Kiendelezi cha aina ya bloku (kisehemu ambacho mwenye duka huchagua pa kukiweka), kwa upande wake, hakionekani mpaka mwenye duka akiweke mwenyewe katika kihariri cha kurasa.

Wengine hudhani kila anayeuona ukurasa wa hali ya oda ameshaingia katika akaunti. Ukurasa huo hufunguka hata kwa kiungo tu, bila mteja kuingia, na hapo tokeni haibebi utambulisho wa mteja, kwa hiyo kiendelezi kinachoutegemea utambulisho huo kitakwama hapohapo.