Bega ndilo linauma, mbona sindano inachomwa mguuni?

Anayekwenda kutibiwa bega kwa akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, hapa Dar es Salaam anaweza kukutana na kioja: mkono haupandi, halafu mtaalamu anainama na kumchoma sindano kando ya muundi, katikati ya goti na kifundo cha mguu. Kisha anamwambia, haya, zungusha mkono. Wapo ambao mkono hupanda palepale kuliko ulivyokuwa. Kuna nini hapo?

Tuanze na bega lenyewe. Kiungo chake kimezungukwa na utando uliolegea, wenye mkunjo kwapani unaofunguka mkono unapoinuliwa. Bega linapoganda, utando huo huvimba, huwa mnene, kisha husinyaa, na ule mkunjo hupotea. Madaktari wakisukuma maji ndani ya kiungo kilichofikia hali hiyo, mara nyingi huingia chini ya mililita 10, hata vijiko viwili vya chai havifiki. Ndiyo maana kufunga sidiria kwa nyuma kunashindikana, kushika bomba la daladala kunakuwa adhabu, na usiku ukilalia upande ule usingizi unakatika.

Jipime hivi: bana kiwiko ubavuni, kunja mkono uelekee mbele, kisha peleka kiganja upande wa nje. Bega lililoganda hugoma hapo mapema, na hugoma hata mtu mwingine akikusukumia. Kama wewe huwezi ila mwenzako akikunyanyulia mkono unakwenda, huenda shida ni msuli au kano, na hiyo ni habari nyingine.

Ugonjwa huu hupenda watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi, na wenye kisukari zaidi ya wote. Ernest Codman, daktari wa Marekani aliyeupa jina la bega lililoganda mwaka 1934, alikiri kuwa ni mgumu kuueleza na mgumu kuutibu.

Sasa sindano. Ni nyembamba, takriban robo milimita, na haina dawa ndani. Pale mguuni Wachina hupaita Tiaokou, na kwa maelezo yao panafungua njia ya nguvu ya mwili iliyoziba. Wanasayansi wanaeleza vingine: mchomo huamsha neva, taarifa hupanda uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, na mwili hutoa endofini, vituliza maumivu vyake wenyewe. Maumivu ya sehemu moja pia yanaweza kufifisha ya sehemu nyingine. Halafu kuna faida ya wazi kabisa: sindano ikiwa mguuni, bega liko huru kuzungushwa.

Kwa hiyo utando haujaguswa. Kilichopungua ni maumivu, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani ya akupancha ilipo: inakupa nafasi ya kufanya mazoezi. Inama, shika meza kwa mkono mzima, uachie ule mgonjwa uning'inie na kuzunguka taratibu. Zoezi hilo nalo lina jina la Codman. Tafiti zilizolinganisha sindano halisi na za kuigiza mara nyingi zimeona tofauti ndogo. Na kwa kuwa bega hili kwa kawaida hulegea lenyewe ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu, aliyechomwa mwaka wa pili akapona asiharakishe kuipa sindano sifa zote.

Tiba hii si ngeni kwetu. Madaktari wa China wanakuja kwa zamu, Zanzibar tangu 1964 kutoka jimbo la Jiangsu na Bara tangu 1968 kutoka Shandong, na akupancha imo katika utaalamu waliokuja nao.

Ukienda, pima sukari kwanza, maana wengine hugundua kisukari kupitia bega. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Ukitumia dawa za kuyeyusha damu, sema mapema. Na ukichomwa juu ya bega kisha kifua kikabana au pumzi ikakatika, nenda hospitali saa hiyohiyo: ncha ya pafu iko karibu na hapo.